Udongo Wangu Niliuyeyusha Mwenyewe

Udongo wangu ulikuwa mzuri. Naanza na hapo kwa makusudi, maana wapo watakaosoma haya wakadhani nilikuwa bibi mchafu wa kijijini, anayeokota tope popote na kuwauzia wake za watu. Sikuwa mchafu. Kwenye magulio yote ya upande wetu wa Bugarama, wanawake walikuwa wanauliza kwanza kama pemba zangu zimefika, ndipo wanashuka kwenye pikipiki.

Pemba ni vile vijiti vya udongo, vinene kama kidole gumba, anavyotafuna mwanamke mwenye mimba mate yanapomjaa mdomoni na chakula kikamchefua. Ambaye hajawahi kubeba mimba asinicheke. Mvua ya kwanza ikipiga vumbi, harufu ile inamshuka mwenye mimba mpaka kwenye kisigino, anatamani kuila ardhi. Nilikula mimi. Alikula mama yangu, na ndiye aliyenifundisha kuzitengeneza.

Unatafuta kichuguu kikubwa ambacho mchwa wamekihama. Unachimba tumboni mwake, siyo juu ambako mbuzi wamekojoa. Unatwanga, unachekecha mara mbili, unakanda kwa maji ya moto na chumvi kidogo, unasokota kwenye viganja, unaanika juu ya bati, kisha unazimalizia kwa moshi. Na kila beseni, kabla hujaanza kusokota, unaonja. Mama alikuwa anasema anayeuza asichokula ni mwizi. Kwa hiyo nilionja kila beseni, miaka na miaka, tangu nikiwa na meno yote mpaka sasa nina haya yaliyobaki.

Shule nilifika darasa la nne. Barua naandika, gazeti nasoma polepole, na sokoni hakuna aliyewahi kunipunja. Kwa pemba nimesomesha, nimezika, nimeezeka bati. Basi msomaji aelewe ninachokizungumza nikisema udongo wangu.

Kichuguu changu kilikuwa nyuma ya shamba la mtama. Kiangazi kimoja watu wa matofali walikishukia na majembe, wakakimaliza mpaka usawa wa ardhi. Nikahamia vichuguu vidogo vya kando ya njia, lakini vile vina mchanga. Nilichekecha mpaka mabega yakauma, mchanga haukuisha. Wateja wakaanza maneno.

"Bibi, siku hizi unatuvunja meno."

"Bibi, hizi ni pemba au kokoto za barabara?"

Mimi kuchekwa mbele ya beseni langu siwezi.

Mwanangu wa kiume ana karasha, ile mashine ya pipa la chuma lenye mipira ya chuma ndani, inayosaga mawe ya dhahabu kutwa nzima mpaka kuku wanasahau kutaga. Mawe yakishasagwa yanapelekwa mwaloni, pale pale kando ya mashine. Mwalo ni mahali pa kuoshea. Wanamwaga ule unga wa mawe na maji juu ya ubao uliotandikwa magunia, dhahabu nzito inanasa kwenye magunia, tope linateremka kwenye shimo. Kilichonasa wanakikung'utia kwenye beseni, wanatia zebaki, wanakoroga kwa mikono mitupu mpaka zebaki ikamate dhahabu. Halafu wanakamua kwenye kitambaa, na lile donge linalobaki wanalichoma motoni, zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki. Maji ya beseni wanayamwaga shimoni.

Hayo yote nimeyaona mara nyingi kuliko nilivyoona ng'ombe wakinywa. Wala sikuyatia maanani, na sababu yake nataka niiseme wazi. Zebaki ni kitu cha bei. Tone likiwadondoka wale wanaume, wanalifukuza chini kama kifaranga kilichotoroka, wanalirudisha kwenye chupa ya soda. Nikajiambia, watu wabahili namna hii hawawezi kuacha kitu kwenye tope. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu. Nilipima sumu kwa ubahili wa wenye nayo.

Shimo la mwanangu lilikauka, tope likapasuka vigae vigae. Nilikuwa nimempelekea uji. Nikaokota kigae kimoja, nikakisugua viganjani. Hakuna hata chembe ya mchanga. Laini kama unga wa muhogo. Nikatia ulimini. Kilikuwa na ladha ya chuma kwa mbali, ladha ambayo mwenye mimba akiipata haachi. Nikasema, kumbe mashine inanisagia na mimi nahangaika na chekeche.

Kuanzia siku ile, ndoo mbili za kichuguu, ndoo moja ya shimo. Sikumwambia mtu. Fundi hatoi siri yake.

Pembeni yangu gulioni huwa anakaa muuza dagaa, mwanamke wa umri wangu, ulimi wake mrefu kuliko barabara ya Kahama. Alionja akatikisa kichwa.

"Wewe bibi, humu umetia nini, maziwa?"

"Nimetia akili."

"Basi na mimi nitilie kidogo kwenye dagaa."

Tulicheka. Zile pemba zilikwisha kabla jua halijafika utosini, na zilikwisha hivyo misimu miwili mfululizo.

Sasa nimlete mjukuu wangu. Binti yangu alifariki akaniachia mtoto wa kike wa miaka mitatu, nikamlea mimi. Marehemu mume wangu alikuwa akimwita mke mdogo, basi mimi nikamwita mke mwenzangu, na mpaka leo ndivyo ninavyomwita. Alikua, akajifunza cherehani, akaolewa Shinyanga mjini, wanakaa Ngokolo, nyumba ya vyumba viwili yenye maji ndani. Mume wake ni fundi wa friji. Dhahabu wanaiona masikioni mwa watu tu. Niliomba Mungu aolewe mbali na mashimo, na nilipewa.

Aliposhika mimba alinipigia simu.

"Bibi, mate yananijaa. Nitumie."

Nilifurahi kuliko alivyofurahi yeye. Kila Ijumaa nikawa nafunga pemba kwenye gazeti, natia kwenye boksi la sabuni pamoja na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, nampa kondakta wa basi la Shinyanga. Nilimchagulia zile laini kabisa. Kwa wateja nilikuwa natia ndoo mbili kwa moja. Kwa mke mwenzangu nilitia nusu kwa nusu.

Mwezi wa nne wa mimba ulipoanza, akaniambia viatu havimwingii.

"Hiyo ni mimba," nikamwambia. "Mimi mama yako alinivimbisha mpaka nikavaa ndala za babu yako."

Wiki iliyofuata akasema asubuhi macho hayafunguki, yamefura. Nikamwambia apunguze kulala. Halafu akasema jambo jingine.

"Bibi, mkojo wangu una povu. Kama nimemwaga sabuni ya unga chooni. Navuta maji, povu linabaki."

Nilikaa na ile simu mkononi hata baada ya kukata. Nimezaa watoto sita, nimewahi kuvimba miguu, uso na hata midomo. Povu sikuwahi kuliona kwangu wakati ule. Ila nililiona kwangu mwaka huo huo wa simu, wiki nyingi kabla yake, nikadhani ni choo kipya.

Nikapanda basi. Na begani, nione haya kusema au nisione, nilikuwa nimebeba boksi lingine la pemba.

Hospitali tulipokelewa na daktari mwanamke, mdogo kiasi kwamba angeweza kuwa mjukuu wangu wa tatu. Aliniamkia shikamoo kabla sijakaa, nikampenda. Alichovya kikaratasi kwenye mkojo wa mke mwenzangu, akakilinganisha na rangi zilizo kwenye kopo. Kikaratasi kilikuwa cha manjano kikageuka kijani, kijani cha majani ya kunde. Huko kwetu kijani ni habari njema. Kwa yule daktari haikuwa hivyo.

Alimpima presha, akapima tena. Akaandika, akafuta, akaandika.

"Presha yako iko sawa," alimwambia. "Mimba yenyewe changa. Kile kifafa cha mimba tunachokiogopa hakina kawaida ya kuja mapema hivi. Figo zako zinavuja, na nataka kujua kwa nini."

"Zinavuja vipi?" nikauliza mimi.

Akanigeukia. "Bibi, unajua chekeche?"

Nikamwambia asiniulize mimi kuhusu chekeche.

"Basi figo ni chekeche. Damu inapita hapo, uchafu unatoka na mkojo, chakula cha mwili kinabaki. Lake limetanuka matundu. Protini inapita, ndiyo hilo povu. Maji yanabaki mwilini, ndiyo huo uvimbe. Likiendelea kutanuka, litashindwa kazi, na mtoto aliye tumboni hatapata haki yake."

Hapo nilielewa vizuri kuliko wote waliokuwa wamesoma mle ndani. Chekeche likichanika mimi huwa sishoni. Hutupwa, unanunua jingine. Nikamtazama mke mwenzangu nikajua la kwake halinunuliwi.

Daktari akaanza maswali. Anakunywa dawa gani? Za kliniki tu. Dawa za kienyeji? Hakuna. Anapaka mkorogo?

"Mtazame alivyo mweusi," nikasema. "Huo mkorogo ungekuwa umemdhulumu."

Daktari alicheka kidogo, akasema mafuta mengine ya kung'arisha ngozi yanatiwa zebaki, na zebaki inaua figo, ndiyo maana anauliza. Alilitaja neno lile hivi hivi, kama anayetaja chumvi. Zebaki. Nikalivutia boksi langu mapajani.

"Unakaa karibu na wachimbaji?"

"Hapana," mjukuu akajibu. "Nakaa Ngokolo."

"Unakula udongo?"

Mjukuu wangu akageuza kichwa. Alinitazama mimi. Wakamtazama wote wawili huyu bibi mwenye boksi la sabuni mapajani.

"Anakula pemba zangu," nikasema. "Natengeneza mwenyewe. Za kichuguu."

Za kichuguu. Nilisema hivyo nikiwa nimenyoosha shingo. Nusu ya ukweli, kama nusu ya zile ndoo. Daktari akasema hata kama ni za kichuguu aache leo leo, akamwandikia vipimo vingine, akatutuma tukasubiri kwenye benchi.

Nilikaa pale najibishana na nafsi yangu. Nikasema, wanaume ni wabahili, hawamwagi zebaki. Nikasema, mbona nimeuzia wanawake wengi na sijasikia. Nikajijibu, umewauliza? Nani anamwambia muuza pemba habari za mkojo wake? Nikasema, huyu mtoto hana karasha, hana mwalo, hana moshi, anakunywa maji ya bomba. Hakuna njia yoyote ya mgodi kumfikia mpaka Ngokolo. Isipokuwa basi la Ijumaa.

Nikageuka. Mke mwenzangu alikuwa ameingiza mkono kwenye mkoba, anavunja kipande cha pemba polepole ili nisisikie, anakitia mdomoni.

"Tema," nikamwambia.

"Bibi, hiki cha mwisho tu."

"Tema hapa." Nikaweka kiganja changu chini ya kidevu chake, kama nilivyokuwa namfanyia alipokuwa mdogo akimeza vifungo. Akatema. Watu wa benchini wakatutazama. Na watazame.

Nikarudi ndani bila kubisha hodi. Daktari alikuwa na mgonjwa mwingine. Nikaweka kile kilichotemwa juu ya meza yake, na boksi lote pembeni.

"Nilikudanganya," nikasema. "Nusu ni ya kichuguu. Nusu ni tope la mwaloni, pale wanapooshea dhahabu. Nilitia mimi, kwa mkono huu, ili ziwe laini."

Hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia. Alisema hapo hana kipimo cha zebaki, hospitali yao haina, na hawezi kuapa kwamba ndiyo yenyewe. Kwenye tope la mwalo kunaweza kuwa na mengine pia, risasi, aseniki, vitu vinavyotoka kwenye mawe yenyewe. Alichukua vijiti viwili akavifunga kwenye mfuko, akasema atavipeleka kunakopimwa. Kisha akaniuliza: "Wewe mwenyewe unakula?"

"Naonja kila beseni."

"Chukua kopo hili, bibi, nenda chooni."

Kikaratasi changu kilikuwa kijani kuliko cha mjukuu.

Vile vijiti majibu yake hayajarudi mpaka ninapoandika haya. Labda yako njiani, labda mfuko ulipotea. Wako watu wananiambia, bibi, kwa nini ujitangaze na huna karatasi? Ningesubiri karatasi, wangapi wangekuwa wametafuna?

Nilipofika nyumbani mwanangu alikuja. Alikuwa ameshasikia, simu zinakwenda kuliko mabasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akakaa, akazungusha kofia mkononi. "Mama, huyo daktari amepima akaona zebaki?"

"Hana kipimo."

"Basi si unaona? Unataka kuwaambia watu kitu ambacho hata daktari hana."

"Nitawaambia nilichotia. Nilichotia nakijua."

"Ukisema tope la shimo langu lina sumu, watasema na kisima kilicho chini yake kina sumu. Watakuja kufunga mwalo. Vijana ishirini wanakula pale. Na wewe pia unakula pale, mama."

"Nimekula," nikamwambia. "Ndiyo maana nakojoa povu."

Akasema kwa sauti ya chini niseme ni chumvi. Niseme mjukuu alizidisha chumvi. Mwanangu huyu nilimnyonyesha miaka miwili na nusu, sikuwahi kufikiri nitamwonea aibu nikiwa nimekaa naye kivuli kimoja.

Nikasimama, nikaenda mpaka kwake, nyumba ya pili tu. Jikoni nikamkuta mkewe anapika nsansa, yale majani makavu ya kunde, na juu ya rafu nikakiona kile kikaango cheusi wanachochomea dhahabu wakihofia kuibiwa mwaloni. Wanachomea jiko hili hili, watoto wanakaa hapa hapa wakisubiri ugali. Nikakichukua. Mkwe wangu akauliza, "Mayu, unakipeleka wapi?" Nikakitumbukiza chooni kwenye shimo, tukasikia kinavyotua.

"Mwambie mumeo akakitafute," nikasema.

Siku ya gulio niliamka mapema kama kawaida. Nikabeba mabeseni mawili ya pemba, mzigo wa wiki mbili, zimekauka vizuri, nzuri za kutazama, Mungu anisamehe. Nikakaa mahali pangu. Na ndoo mbili za maji.

Muuza dagaa akaninong'oneza. "Nimesikia habari za mjukuu wako. Pole. Mimi nakwambia, kuna mkono wa mtu hapo."

"Upo," nikamjibu. Nikamnyooshea wa kulia. "Ndio huu."

Wateja wa kwanza walipokuja, nikamimina maji kwenye beseni. Udongo mkavu ukinyweshwa maji unatoa sauti, unapumua kama mtu aliyekimbia. Pemba zikaanza kulegea, zikalaliana, zikawa tope. Ile harufu ikapanda. Wanawake wakasogea, na wengine, naapa, walimeza mate.

"Bibi, umerukwa na akili?"

"Leo anauza uji," muuza dagaa akasema, lakini hakucheka mwenyewe.

Nikawaambia. Sikuhutubia, mimi si mwanasiasa. Nilisema nilitia tope la mwaloni kwa misimu miwili, mjukuu wangu figo zinavuja, na zangu zinavuja. Nikasema aliyekula za kwangu aende zahanati akapimwe mkojo, na aliye na zangu nyumbani azitie maji kama hivi.

Muuza pemba mwingine, wa upande wa pili, akapaza sauti kwamba nimezeeka, wivu umenishika, nataka kuua biashara ya wenzangu kwa kuwa yangu imeniharibikia.

"Wewe unachimba wapi?" nikamwuliza.

Akaanza kuhesabu chenji. Niliuliza tena. Akainama kupanga pemba zake, na mimi nikajua kwamba siri yangu haikuwa yangu peke yangu.

Kisha akatokea binti mmoja, tumbo lake limeshatangulia mbele, kitenge cha njano. Nilimfahamu kwa sura, mteja wa kila gulio. Alisimama karibu kabisa na beseni.

"Nimekula zako miezi mitano," alisema.

 Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa mwanangu, kwa mwenyekiti wa kijiji. Sikujiandaa kwa mtu kuniambia tu hivyo, bila hasira.

"Unavimba?" nikamwuliza.

"Kidogo. Asubuhi."

"Twende."

"Wapi?"

"Zahanati. Nakwenda na wewe. Nitakaa mpaka utoke."

Tuliondoka wawili, tukafika saba. Nesi alituona akashika kiuno. Alisema kliniki ya wajawazito ni Jumanne, leo siyo siku yake. Nikamwambia mimi sina mimba, anipime mimi kwanza. Akasema vikaratasi vya mkojo vimebaki vitatu.

"Pima watatu," nikasema. "Na sisi tuliobaki tutakaa hapa. Mimi nina michembe kwenye mfuko, na benchi lenu ni zuri."

Tulikaa. Alipoona tunagawana michembe na kuvua viatu, akapiga simu, na alasiri kopo jipya likaja kwa pikipiki. Katika wale saba, ukiniondoa mimi, wawili walitoka kijani. Binti wa kitenge cha njano alitoka manjano safi, akaninunia hata hivyo, na ana haki. Wale wawili waliandikiwa rufaa. Mmoja wao hajanisalimia tena, tukipishana anatazama mashambani. Simlazimishi. Nampisha njia.

Niliitwa kwa mwenyekiti. Niliitwa na wenye makarasha, wakakaa kwenye viti na mimi wakanipa kigoda, wakidhani kigoda kitanifupisha. Walisema nimechafua jina la kijiji. Nikawaambia jina litafuliwa, figo haifuliwi. Walisema nitashtakiwa. Nikasema nitakuja mahakamani na chupa ya mkojo wangu, hakimu aitazame. Hawakunishtaki.

Mwanangu alininunia mwezi mzima. Halafu siku moja, bila kuniambia, akazungushia shimo lake minyaa, akapanda mistari miwili, mbuzi hapenyi wala bibi hapenyi. Kuchoma akahamishia kule kule mwaloni, mbali na jiko. Zebaki bado anatumia, na mikono bado anatia mitupu. Kila nikimpelekea uji namkumbusha. Anasema, "Mama, umeshasema." Namwambia nitasema tena kesho, kwa hiyo asijichoshe kusahau.

Mke mwenzangu alijifungua kabla ya wakati wake, hapo hapo Shinyanga. Mtoto wa kike, mdogo kama kuku wa kienyeji, sauti kama ya mnadi. Wiki zile za kusubiri nilikaa Ngokolo, nikimpikia bila chumvi, naye akinilaumu kwamba chakula changu kina ladha ya maji ya kuoshea vyombo. Kila tukienda hospitali nilikishika kile kikaratasi kwa macho kabla daktari hajakiinua. Kijani cha kunde. Kijani cha kunde. Halafu kijani chepesi. Halafu, mtoto akiwa ameanza kushika shingo, kikaratasi kikatoka kwenye mkojo na manjano yake, na kivuli tu cha kijani pembeni, kama doa lililofuliwa likakataa kidogo.

"Linaziba," daktari akasema. "Chekeche lake linaziba, bibi."

Nilitoka nje nikasimama kwenye jua, maana sikutaka wanione.

La kwangu halizibi. Daktari ameniambia wazi, kwa kuwa nilimwomba asinifunikie. Nimeonja kwa muda mrefu mno. Nameza vidonge vyangu, chumvi nimeiacha, miguu inavimba jioni na nainyanyua juu ya kigoda, kama kile walichonikalishia wenye makarasha. Sijililii. Niliyemtaka apone amepona, au yuko njiani.

Mahali pangu gulioni sijapaacha. Nauza michembe sasa, na kila mwenye tumbo anayepita namwita, nimjue nisimjue. Njoo hapa mke mwenzangu, unatafuna nini? Onyesha. Wengine wananitukana, wengine wanafungua mkono. Muuza dagaa anasema nimekuwa polisi wa midomo ya watu.

Juzi mvua ya kwanza imepiga. Nilikuwa kibarazani, kitukuu changu kimekuja kutembea, kinatambaa. Harufu ikainuka kutoka kwenye vumbi, mate yakanijaa mdomoni kama msichana. Kile kitoto kikashika bonge la udongo, kikalipeleka kinywani. Nikatia kidole, nikalitoa lote, nikapangusa ulimi wake kwa khanga. Kililia kwa hasira, na mimi nikayameza mate yangu.